Meme nayo ihaririwe

Kati ya picha zilizozunguka sana mitandaoni ipo ile ya kijana anayegusa panja lake kwa kidole, akitabasamu kama mtu aliyegundua jambo ambalo dunia nzima imelikosa. Kijana huyo ni mwigizaji wa Uingereza, Kayode Ewumi, na picha ilichomolewa kwenye vichekesho vilivyorushwa mtandaoni na BBC Three mwaka 2016. Tangu hapo imebebeshwa hoja za kila aina, karibu zote zikiwa na mantiki moja: ukilikwepa jambo lenyewe, na taabu yake haikupati. Tuseme mtu wa Dar es Salaam anataka kuitumia kuzungumzia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Rasimu ya kwanza, ambayo wengi huiposti bila kuitazama mara ya pili, huwa hivi: “Watu wanalalamika LUKU inaisha haraka siku hizi, mimi wala sina hiyo shida maana hata umeme wenyewe sijanunua,” na mbele yake emoji nne za kulia kwa kicheko. Wazo lipo, na linachekesha. Tatizo ni mzigo uliowekwa juu yake. Futa malalamiko ya watu, kwa sababu kila mwenye mita anayajua. Futa “mimi wala sina hiyo shida”, kwa sababu tabasamu la kijana limeshayasema hayo. Futa emoji, kwa sababu mcheshi anayecheka kabla ya hadhira humnyang’anya msomaji kazi yake. Kinachobaki ni “Umeme hauishi usiponunua.” Maneno matatu, na kichekesho kimepata nguvu ambayo hakikuwa nayo.

Hata hayo matatu yana mpangilio wake. Ukiandika “Usiponunua umeme hauishi”, maana ni ileile na sarufi haina kosa, lakini siri imetoka mapema. Msomaji ameshaambiwa kwamba hakuna kilichonunuliwa, na neno la mwisho linamkuta amekwisha kufika. Lile la kwanza linamwacha aamini kwa nusu sekunde kwamba anapewa ushauri wa kubana matumizi, kisha linamwangusha. Upo pia uamuzi wa nani anaambiwa. Neno LUKU lingemgusa Mtanzania palepale, ila lisingemfikia Mkenya anayenunua tokeni, Mganda wa Yaka, wala Mrundi na Mnyarwanda wa Cash Power. Neno “umeme” linavuka mipaka yote hiyo kwa gharama ya ladha kidogo ya nyumbani. Hakuna jibu moja sahihi hapo. Mtunzi anapaswa kuchagua, na ili achague inabidi kwanza ajue kwamba uchaguzi upo.

Ninachotetea ni hiki: meme ni maandishi, na maandishi huhaririwa. Anayeitunga anastahili kuisoma upya kwa ukali uleule ambao mhariri wa gazeti huusomea kichwa cha habari, na kanuni yake kuu iwe kufuta kila neno linalorudia kile ambacho picha imekwisha kusema. Nasema hivi kwa sababu meme zetu nyingi za Kiswahili, tena zilizotokana na mawazo mazuri kabisa, hufa mikononi mwa maelezo. Picha inamwonyesha mtu kachoka, na maneno yanasema “hapa jamaa kachoka”. Picha inaonyesha sahani tupu, na maneno yanaeleza kwamba chakula kimekwisha. Kichekesho cha picha na maneno hufanya kazi pale ambapo kila upande umeshika nusu ya jambo na msomaji analazimika kuziunganisha mwenyewe. Kicheko ni ule mlio wa nusu mbili zinapokutana. Ukimpa zote mbili zikiwa zimekwisha kuunganishwa, umempa taarifa. Kuna na sababu ya kawaida kabisa, ya vifaa: meme husomwa kwenye kioo cha simu, mara nyingi ndani ya daladala au matatu, na picha inayopigwa skrinshoti na kupakiwa upya mara kadhaa huvunjika ubora mpaka herufi ndogo zinakuwa ukungu. Sentensi ya maneno thelathini haifiki salama.

Kiswahili kimeandaliwa kwa kazi hii kuliko lugha nyingi. Kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, ukanushi na sharti kwa pamoja. “Usiponunua” ni kishazi kizima ndani ya neno. Na tunayo mazoea ya zamani ya kusema kwa nusu. Mtega kitendawili huonyesha upande mmoja tu wa kitu na kuuficha wa pili kwa makusudi, naye asingekuwa na mchezo wowote kama angetaja jibu ndani ya swali. Kanga imekwenda mbali zaidi. Anayevaa iliyoandikwa “Hasidi hana sababu” hamtaji hasidi, haelezi alichofanyiwa, wala hasemi anamwambia nani. Jina la kanga limechapishwa kiwandani, na yeye ameongeza mahali na saa ya kulivaa. Jirani anayepaswa kuelewa ataelewa, na mwenyewe akiulizwa ana haki ya kujibu kwamba ni nguo tu. Ukiangalia vizuri, meme ni kanga iliyogeuzwa: kwenye kanga maneno ni ya wote na tukio ni la mvaaji, kwenye meme picha ni ya wote na maneno ni ya mtunzi. Ustadi wa kuchagua neno litakalotosha bila kumaliza ni uleule, na wanawake wa mwambao wameutumia kwa zaidi ya miaka mia moja bila kuhitaji emoji.

Wachora katuni nao walitangulia. Uhuru Kenyatta na William Ruto walipokuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mchora katuni Gado aliwachora wakiburuta tufe la chuma lililofungwa kwa mnyororo mguuni. Tufe lile liliwafuata kila walikokwenda kwenye katuni, iwe habari ya siku hiyo ilihusu kampeni au bajeti, na halikuhitaji maelezo. Msomaji alilibeba mwenyewe kutoka katuni ya jana hadi ya leo. Ni rahisi kudhani kwamba uamuzi wa namna hiyo huja wenyewe. Kwa kweli ni matokeo ya mchoraji kujiuliza ni kitu gani kimoja kitasema yote, kisha kuwa na imani na msomaji kiasi cha kunyamaza.

Kuhariri hakuishii kwenye kufupisha, na hapa ndipo penye utamu. Chukua picha nyingine iliyozagaa tangu mwaka 2017, ya mwanamume aliye na mpenzi wake huku shingo ameigeuza kumtazama mwanamke mwingine aliyepita. Aliipiga Mhispania Antonio Guillem kwa ajili ya maktaba za picha za biashara. Humo hakuna sentensi. Kila mtu pichani hubandikwa jina. Toleo linalojitokeza lenyewe kichwani humwita mwanamume “Mimi”, mpenzi wake “Kodi ya nyumba” na mpita njia “Viatu vipya”. Linachekesha kidogo, maana udhaifu huo kila mtu ameshaukiri. Sasa mwite mwanamume “Mshahara”, mwache mpenzi awe “Kodi ya nyumba”, na mpita njia awe “Songesha”. Idadi ya majina haijabadilika, lakini kichekesho kimehamia mahali pengine. Songesha, huduma ya Vodacom ya kuazimwa pesa kwenye M-Pesa, hujikata yenyewe mara hela inapoingia, kama ilivyo Fuliza kwa Wakenya. Mwenye mshahara ameondolewa pichani, na hivyo ndivyo hali ilivyo: hela imeingia, imekwenda kwa mdai, na mwenyewe hakuulizwa. Toleo la kwanza lilimlaumu mtu kwa tamaa yake. La pili limeonyesha jinsi mkopo wa simu unavyofanya kazi, kwa usahihi ambao makala ya uchumi ingehitaji aya mbili kuufikia. Badiliko hilo halikutokana na kipaji cha kuzaliwa nacho. Limetokana na kukataa jina la kwanza lililokuja kichwani.

Mfano mkubwa zaidi wa usahihi wa namna hii umetoka Kenya. Mwaka 2023, serikali ya Ruto ilipopandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 pamoja na tozo nyingine, wananchi walimpa rais wao jina la Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru wa Injili ya Luka aliyepanda mkuyu. Jina moja lilitosha. Halikuhitaji kueleza kodi ni nini wala nani anatozwa, kwa sababu Wakenya wengi walikutana na Zakayo utotoni, kwenye madarasa ya Jumapili. Kisha hadithi yenyewe ikawakabidhi kitenzi: Zakayo aliambiwa ashuke. Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Muswada wa Fedha yalipofika kilele tarehe 25 na waandamanaji kuingia Bungeni, kitenzi hicho kilikuwa kwenye mabango na kwenye maelfu ya picha za simu, kikiwa na maana mbili ambazo kila mtu alizisikia kwa pamoja, ya mti na ya madaraka. Watu waliuawa kwa risasi siku ile, na kesho yake rais alitangaza kwamba hatausaini muswada. Sidai kwamba jina la utani liliuangusha. Nadai kwamba malalamiko ya mamilioni ya watu yalipata neno moja lililowakutanisha, na neno hilo lilichaguliwa vizuri kupita kauli zote rasmi zilizotolewa na wanasiasa wa pande zote mbili.

Wapo watakaosema kicheko hutoka papo kwa papo na kwamba kukaa ukikipima ni kukiua. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa sote tunamjua yule mtu wa barazani anayewavunja watu mbavu bila maandalizi. Lakini mtu wa baraza ana sauti, macho na kimya chake cha kusubiri. Akiona kicheko kimechelewa, anarekebisha palepale. Mtunzi wa meme hana hata kimoja kati ya hivyo. Amekwisha kuondoka wakati msomaji anafungua simu. Marekebisho yote ambayo mzungumzaji huyafanya kwa uso, yeye lazima awe ameyafanya kabla. Na hata wa jukwaani huwa wameyapima maneno yao muda mrefu. Mwaka 2012 mchekeshaji wa Marekani Jerry Seinfeld alilionyesha gazeti la New York Times kurasa za kichekesho chake kuhusu kitafunwa cha Pop-Tart, kazi aliyokuwa nayo kwa miaka miwili, na akaeleza jinsi anavyopunguza mpaka silabi ili sentensi ifike kwa wakati wake. Hadhira huona wepesi, na haidaiwi kuona chochote zaidi. Kuhusu hoja ya pili inayofuatana na hii, kwamba habari za mtandaoni hazisubiri, jibu ni fupi: kufuta maneno kumi na tano hakuchukui hata dakika mbili. Kinachokosekana ni moyo wa kuyaacha yaende.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linasema meme haina mwandishi, kwa hiyo mhariri wake ni umma. Mtu hutupa wazo, mwingine hulibadilisha, mia hulisambaza, na baya hujifia lenyewe. Ushahidi upo. Mwishoni mwa mwaka 2015, wiki chache baada ya Rais John Magufuli kuapishwa na kuanza kukata safari za nje na sherehe za serikali, Watanzania, Wakenya na majirani waliijaza Twitter hashitagi ya #WhatWouldMagufuliDo, wakijiuliza Magufuli angefanyaje. Mtu alitaka kununua kitu cha bei, akajiuliza swali hilo, kisha akaonyesha picha ya mbadala wa bure aliouunda nyumbani. Hakuna aliyeketi akaandika kanuni za mchezo ule, na bado kanuni zilikuwepo: swali halijibiwi kwa maneno, jibu liko pichani, na kadiri mbadala unavyokuwa duni ndivyo kichekesho kinavyokuwa kikubwa. Umma uliunda umbo zuri sana. Lakini umma huchagua kutoka kwa kilicholetwa mezani, na kila picha iliyopendwa ililetwa na mtu mmoja aliyeamua ni birika gani, ni waya gani, na maneno yaishie wapi. Tena umma una tabia nyingine tunayoiona kila siku: huongeza. Meme iliyotoka safi hurudi baada ya wiki ikiwa na nembo za kurasa tatu pembeni, mstari mpya juu unaosema “hii imenivunja mbavu”, na uso wa kicheko uliofunika nusu ya picha. Kusambaza na kunoa ni kazi mbili, na ya pili bado inahitaji mtu.

Hofu ya kwamba maneno machache yatawaacha wengine nje siikatai. Ni kweli, kichekesho kilichofupishwa hutegemea kile ambacho msomaji anakijua tayari, na asiyemjua Zakayo hacheki. Ila dawa ya maelezo marefu haimsaidii huyo. Inamfanya aelewe bila kucheka, na wakati huohuo inamkosesha kicheko aliyekuwa nacho. Afadhali kitungwe kwa ajili ya watu fulani kwa moyo mmoja kuliko kwa kila mtu kwa wasiwasi.

Linalonigusa zaidi ni swali la maumivu. Kama kichekesho kinanolewa, kinakata, na mitandao yetu imejaa picha za watu wasiojulikana waliopigwa bila ridhaa: mgonjwa, mlevi aliyelala barabarani, mtoto anayelia. Mwaka 2016 Lizzie Velásquez, Mmarekani mwenye maradhi adimu yanayozuia mwili wake kunenepa, alijitokeza kuomba watu waache kugeuza picha yake kuwa mzaha wa kutishana na wenzao. Alikuwa msemaji maarufu mwenye wafuasi wengi, kwa hiyo sauti yake ilisikika. Wengi waliotendewa kama yeye hawana pa kusemea. Wengine hudhani utani wa jadi unahalalisha haya, na hilo ni kuusingizia utani. Mpare na Mchaga wakitaniana, kila mmoja anajua yuko ndani ya mchezo, ana haki ya kurudisha, na zamu yake itafika. Mtani huyohuyo anayekukejeli ndiye anayekuja msibani na kushika kazi. Mtu aliyepigwa picha kwa siri hana zamu. Kuhariri ndio wakati pekee ambapo mtunzi hulazimika kujiuliza nani hasa anachekwa, maana ukishuka neno hadi neno huwezi kukwepa kuona mzigo umemwangukia nani. Wakenya waliwahi kuonyesha njia bora. Siku ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017, picha ya mwananchi aliyekuwa akila githeri (mahindi na maharage) kutoka mfuko wa plastiki huku akisubiri kupiga kura ilisambaa nchi nzima. Ingekuwa rahisi kumcheka kwa umaskini wa mlo. Picha zilizopendwa zaidi zilimbandika kwenye meza za wakubwa wa dunia na mfuko wake mkononi, akila bila haraka, na kicheko kikawaelekea wakubwa. Baadaye mwaka huohuo alitunukiwa nishani ya taifa.

Ustadi huu haumkingi mtunzi na dola, na ni vizuri kulisema wazi. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa Dar es Salaam baada ya video yake akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli kusambaa, na hakukuwa na maneno ya kuhariri humo. Alikuwa anacheka tu. Uhuru wa kucheka unapaswa kulindwa na sheria na mahakama. Fumbo zuri si mbadala wake.

Kilicho mikononi mwetu ni kuichukulia kazi hii kama kazi. Kampuni na taasisi zinazoajiri vijana kuendesha kurasa zao huwadai posti tano kwa siku, kisha hushangaa hakuna anayezikumbuka. Zingepata zaidi kwa posti moja iliyosomwa na macho mawili ya ziada kabla ya kutoka. Magazeti yanayochapisha vichekesho vya mtandaoni yaviweke chini ya mhariri, si chini ya yeyote mwenye nafasi. Na shule za sekondari tayari zina kipindi kinachofaa, kile cha fasihi simulizi, ambako wanafunzi hukariri aina za vitendawili na methali bila kuambiwa kwamba wanazitunga kila jioni kwenye simu. Mwalimu awape darasa picha moja, ileile kwa wote, na sharti moja: neno lolote linalotaja kitu kinachoonekana pichani hufutwa. Watakaojikuta wamebaki na karatasi tupu waanze upya, na wapewe kipindi kizima cha kufanya hivyo.